Bakuli Kando ya Shikome

Nyumbani kwetu, katika nchi ya pamba upande wa Kishapu, wanaume walikula pamoja nje, penye moto wa jioni ambao Wasukuma tunauita shikome. Moto uliwashwa kwa samadi kavu na visiki jua lilipokaribia kuzama. Baba, ndugu zake, sisi wanawe na mgeni yeyote aliyepitiwa na jioni kwetu tulikaa kuuzunguka juu ya vigoda. Chakula kilitoka jikoni kwa wanawake katika chombo kimoja: ugali wa mtama uliofinyangwa kama kichuguu kidogo, na pembeni yake nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa juani na kupikwa kwa karanga. Tulinawa, mkubwa akamega kwanza, wengine tukafuata kila mmoja kwa upande wake.

Nasema tulinawa na tukafuata, lakini kwa miaka mingi mimi sikuwamo. Nilikuwa na bakuli langu. Lilikuwa la bati lililopakwa rangi nyeupe, lenye ukingo wa buluu, na mama alilinunua katika duka la Mhindi mjini Shinyanga mara ya kwanza nilipoambiwa nina kifua kikuu. Nilikaa nalo kando, mahali ambapo mtu anasikia mazungumzo lakini mkono wake haufiki kwenye chombo.

Sikutengwa kwa chuki, na hili napenda lieleweke. Tabibu wa zahanati mwenyewe ndiye aliyesema niwe na vyombo vyangu, na baba alikuwa mtu wa kutii alichoambiwa. Lakini shikome si mahali pa kula tu. Pale ndipo ilipoamuliwa ng'ombe wapelekwe wapi kiangazi, nani aposewe wapi, shamba lipi lilimwe kwanza. Aliyemega ugali aliulizwa neno lake. Aliyekula kando aliweza kusema, na watu wakasikia, lakini hawakumgeukia kumuuliza. Mwanangu wa kwanza alipofikia umri wa kuacha kula na wanawake, alikaa kwenye chombo kati ya baba zake wadogo, na mimi baba yake nilimtazama nikiwa mbali kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kumwomba Mungu jambo hili kwa jina lake. Sikuomba kupona, kukohoa nilikuwa nimekuzoea. Niliomba kurudi kwenye chombo.

Nilikuwa mwalimu wa dini. Nilisomea kazi hiyo misheni, nikapewa kundi la watoto na watu wazima wa kuwaandaa kwa ubatizo, na Jumapili ambazo padre hakufika niliongoza sala. Katika mafundisho kuna mahali pengi ambapo Bwana wetu anakaa kula na watu ambao wengine hawakutaka kukaa nao. Nilifundisha habari hizo kama zilivyoandikwa, sikuongeza langu. Jioni nilirudi nyumbani kwenye bakuli langu na nikashukuru kwa kilichomo.

Kikohozi changu kilikuwa na tabia yake. Kilikuja na baridi ya kiangazi au na mvua za kwanza. Kilianza kwa maumivu chini ya ubavu wa kushoto, mgongoni, kisha homa, kisha makohozi mazito yenye harufu. Mwaka mwingine yalikuja na damu. Nilichomwa sindano, nikapata nafuu, nikalima. Msimu uliofuata, au ule wa baada yake, kikarudi mahali palepale. Nikiwa kijana nilitibiwa kifua kikuu kwa sindano za kila siku mpaka matako yakawa magumu kama ngozi ya ngoma. Tulipohamishiwa kijijini, wakati ule wa watu wote kukusanywa pamoja, tabibu mpya aliniona nakohoa, akauliza nimewahi kutibiwa nini, nikamwambia, akaandika kifua kikuu kimerudi. Kisha tena mara ya tatu, kwa mwingine. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa alichokiona. Makohozi yalipopimwa hawakukuta kitu, wakasema wadudu wamejificha.

Tulikuwa wawili wenye kukohoa katika kaya yetu. Wa pili alikuwa baba yangu mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Yeye alikuwa amefanya kazi ya kutoboa mwamba mgodini, upande wa Geita, tangu ujana wake hadi mgodi ulipofungwa. Alirudi na baiskeli, redio, kofia ya chuma na kikohozi kikavu. Aliugua kwa namna ya heshima. Kila mtu alijua kikohozi chake kilitoka wapi: ni vumbi la mawe, vumbi haliambukizi, na lilikuwa alama kwamba mtu huyu aliwahi kushuka chini ya ardhi mahali ambapo sisi wakulima wa pamba tusingethubutu. Basi yeye alikula kwenye chombo, tena upande wa kulia wa baba, akageuka nyuma kukohoa, akageuka mbele kumega.

Alikuwa mtu wa maneno. Tulipoanza kukohoa kwa pamoja, kama ilivyotokea mara nyingi moshi ulipotuelekea, alinyanyua mkono kama mwamuzi wa mpira.

"Mwalimu, kohoa wewe kwanza. Mimi nitaitikia."

"Anza wewe, baba mdogo. Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nililipwa kukohoa. Wewe unakohoa bure, ndiyo maana hunenepi."

Watu wakacheka. Baba akasema, "Acheni mtu ale." Hakusema ni mtu yupi.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati wa vita na Uganda, sabuni na mafuta ya taa vikawa vitu vya kutafutwa, na nikaugua kuliko nilivyowahi kuugua. Dawa za zahanati zilikuwa zimekwisha. Baba akaamua nipelekwe hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa basi, ambako kulikuwa na mashine ya kupiga picha ya kifua. Mke wangu alikuwa amejifungua siku chache kabla, kwa hiyo mama ndiye aliyefuatana nami kunipikia. Alifunga unga, michembe ya viazi vikavu na lile bakuli katika kanga moja, akaweka kichwani.

Mama alikuwa mtu mzima aliyeheshimiwa. Aliongoza kina mama wa kanisa letu, alijua kusali rozari kwa sauti ambayo haikutetemeka, na alikuwa mkali kwa wanawake waliokwenda kwa waganga wa kienyeji. Binti akionekana na hirizi shingoni mwa mtoto wake, mama ndiye aliyetumwa kuzungumza naye, na mara nyingi alirudi na hirizi yenyewe mkononi.

Daktari wa pale alikuwa sista wa Kizungu, mwanamke mrefu aliyekaa nchini miaka mingi na kusema Kiswahili polepole bila kukosea. Alinipiga picha, akaitundika dirishani penye mwanga, akaitazama. Kisha akaniambia nivue shati na fulana nigeuke.

Mgongoni, chini ya ubavu wa kushoto, nina makovu madogo. Niliyakuta mwilini kama mtu anavyojikuta na kitovu. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza mama, akaniambia niliangukia boma la miiba nilipokuwa najifunza kutembea. Sikuwa na sababu ya kuuliza tena. Wote walionitibu waliyaona, na walipouliza niliwapa jibu hilohilo.

"Haya ni ya nini?" akauliza sista.

"Niliangukia boma la miiba, nikiwa mdogo."

Akayapitishia kidole, moja baada ya jingine.

"Miiba ya kwenu ina adabu," akasema. "Imepanga mistari miwili, na yote imelingana."

Sijawahi kuuona mgongo wangu. Akauliza nani amekuja nami, nikasema mama yuko nje jikoni kwa wauguzaji. Akamtuma muuguzi amwite. Mama akaingia akijifuta majivu mikononi, na sista akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista."

"Mwanao huyu alianza kukohoa lini?"

"Alipokuwa kijana. Hapo ndipo alipopata kifua kikuu."

"Na alama hizi?"

"Miiba," akasema mama. Alikuwa akitazama sakafu.

Sista akakaa tena. Alizima taa ndogo aliyokuwa ameishika, akaiweka mezani.

"Mama, mimi si padre," akasema. "Sitakuuliza nani alichanja wala mlimpa nini. Nataka kujua mambo mawili. Alichanjwa akiwa na umri gani? Na kwa nini hapa, si mahali pengine?"

Nilikuwa nimewapa mgongo wote wawili, bado sijavaa, na sikugeuka. Nilidhani ikiwa sitageuka itakuwa rahisi kwa mama.

"Hakuwa ameota jino," akasema hatimaye. "Nilikuwa katika mafundisho, sijabatizwa bado. Kila baridi ilipoingia, ubavu huu ulilia. Nikimweka begani nilisikia kama maji ndani ya kibuyu. Huu wa pili kimya. Mama mkwe akaniambia mtoto atakufa huku unangojea maji ya padre. Tukaenda alfajiri ili tusionekane. Yule mzee aliweka sikio mgongoni mwa mtoto, akasikiliza, akachanja palepale palipolia. Wangejua, wangenirudisha mwanzo wa mafundisho. Basi nikasema miiba. Nikisha kusema miiba, ikawa miiba."

Sista alimshukuru. Alimshukuru kweli, kwa kumshika mikono yote miwili yenye majivu. Kisha akatuita sote dirishani penye picha.

Nitaandika alivyotueleza, kwa kadiri nilivyoelewa. Kifua kikuu cha watu wazima hupenda sehemu za juu za pafu, na kwangu juu palikuwa safi. Tatizo lilikuwa chini, upande wa kushoto, kipande kilichoonekana kama sega la nyuki: vifuko vifuko vyenye kuta nyembamba, vingine vina hewa, vingine vimejaa maji nusu. Kipande hicho, akasema, hakikuharibiwa na ugonjwa. Hakikuwahi kutengenezwa sawasawa. Mtoto anapoumbwa tumboni mapafu huchipua kama mti, na tawi moja la kwangu lilichipua vibaya. Kwa kuwa vifuko vile havitoi uchafu wake vizuri, huoza kila mara, na hapo ndipo ilipotoka homa yangu na harufu na damu. Picha peke yake ingemwacha na mashaka, kwa sababu hata ugonjwa wa zamani huacha mashimo. Lakini mtoto ambaye hajaota jino, aliyelia upande huohuo mahali palepale, alimwondolea sehemu kubwa ya mashaka hayo.

"Kwa hiyo hiki si cha kuambukiza?" nikauliza.

"Utamwambukizaje mtu namna ulivyoumbwa?"

Alisema upasuaji wa kukiondoa kipande kile unaweza kufanyika, ila mbali, na kwa hatari zake, na kwamba mtu aliyefika umri wangu nacho angeweza kufika uzeeni nacho akijitunza. Nilichagua kujitunza. Alinipa dawa za homa za kuweka akiba, kisha akanifundisha kulala kifudifudi kukatisha kitanda, kiuno juu, kichwa na mikono vikining'inia karibu na sakafu, huku mtu akinipigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa, mpaka uchafu ushuke wenyewe na kutemwa. Nifanye hivyo kila asubuhi kabla ya kula. Nafanya mpaka leo. Mke wangu alipiga mgongo huu kwa miaka mingi, akiimba nyimbo za kanisa kwa mapigo yake, na majirani waliochungulia mara za kwanza walieneza kwamba mwalimu wa dini amepata namna mpya ya kusali, kichwa chini.

Tulipoaga, sista akauliza jambo moja la mwisho. Yuko mwingine anayekohoa pale nyumbani?

"Yuko shemeji yangu," akasema mama, "lakini yeye ni vumbi la mgodi."

"Vumbi halimzuii kuja," akasema sista. "Mwambieni aje."

Tukiwa katika basi, karibu na nyumbani, mama akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, utamweleza baba yako habari ya picha. Ile nyingine niachie."

Nikamweleza baba habari ya picha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mazuri, akafikiri. Kisha akasema waganga watatu wa serikali wamesema ni kifua kikuu, mmoja anasema sicho. Penye chombo kile wanakula watoto. Tungoje tuone. Sikuona kosa katika maneno yake, na sasa nikiwa na wajukuu ndiyo kabisa silioni. Nikarudi kwenye bakuli langu. Nilipomwambia baba mdogo kwamba sista anamwita, alicheka mpaka akakohoa.

"Niende nikaambiwe nini? Kwamba nilifanya kazi mgodini? Kofia ipo ukutani, aje aitazame."

Wiki zikapita. Jioni moja chakula hakikuletwa na wake zetu kama kawaida. Alikileta mama mwenyewe. Aliweka ugali chini, akaweka nsansa, akapiga goti kama inavyotakiwa, na hakuondoka.

"Baba wa huyu, nina neno," akasema.

Baba akamtazama, kisha akatazama chombo. "Ugali unapoa. Sema."

Akasema yote: mafundisho, mama mkwe, alfajiri ile, sikio la mzee yule mgongoni mwa mtoto, miiba. Alisema bila kulia na bila kuharakisha, kama mtu anayeongoza rozari. Baba alikuwa hajui. Mama yake mwenyewe, aliyekuwa marehemu siku nyingi, alikuwa amemficha. Wa kwanza kusema alikuwa baba mdogo, bila shaka.

"Shemeji! Kumbe! Hirizi ya mtoto wangu uliikata kwa kisu cha jikoni, ukaitupa chooni!"

"Niliikata," akasema mama. "Na leo ningeikata tena. Wewe cheka utakavyo. Lakini huyu nilimzaa na kikohozi chake, hakukitoa kwa mtu wala hatampa mtu. Mkila bila yeye, mnamtenga kwa uongo wangu mimi."

Akanyanyuka, akaenda zake jikoni. Jumamosi iliyofuata alikwenda misheni kuungama, na Jumapili aliwaambia kina mama wachague kiongozi mwingine. Padre alimwambia nini sijui. Alirudi ametulia, na mwaka uliofuata walimchagua tena, naye alikubali, ila nadhani alipunguza ukali kidogo.

Baba alikaa akitazama moto. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Sogeza kigoda."

Nikasogeza. Mwanangu alijivuta kunipa nafasi. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni joto. Ugali ulio katika bakuli dogo hupoa upesi, nami kwa miaka yote ile nilikuwa nimekula ugali wa vuguvugu bila kutambua. Ule wa kichuguu ukimegwa katikati bado unachoma vidole. Niliungua kidogo nikafurahi. Mke wangu aliosha lile bakuli, akalitia mbegu za maboga, akaliweka juu ya kichanja.

Wakati wa mavuno baba mdogo akaanza kukonda. Alisema ni kazi. Jioni alijifunika blanketi wakati wengine tumevua mashati, na kikohozi chake, kilichokuwa kikavu siku zote, kikalainika. Mimi nilizijua dalili hizo kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu nilikuwa nimeulizwa juu yake mara nyingi na kila tabibu. Nikamwambia twende wote wawili. Mimi nilikuwa natakiwa kurudi kuonwa, yeye anisindikize.

"Sawa," akasema. "Nikusindikize mgonjwa."

Katika makohozi yake hawakuhitaji kutafuta sana. Alikuwa nacho kifua kikuu, na sista alidhani hakikuwa cha jana. Alitueleza kwamba vumbi la mwamba hukwangua mapafu, na palipokwanguka kifua kikuu hupata makao kwa urahisi. Hivyo mtu anaweza kuwa na yote mawili, moja likimficha mwenzake. Baba mdogo alisikiliza huku amekunja mikono. Sisi tulikuwa tumemtoa kwenye chombo asiyekuwa na ugonjwa, na tukamweka kwenye chombo aliyekuwa nao, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu nzuri.

Watu wote wa shikome walipimwa, pamoja na watoto. Mungu alitulinda, hakuonekana mwingine. Baba mdogo alilazwa kwa ajili ya sindano, kisha akarudishwa nyumbani na vidonge vya miezi mingi. Sista alisema sindano zile zimeshapunguza sana hatari ya kuambukiza, ila mpaka makohozi yapimwe tena yawe safi, ale peke yake na kukaa penye upepo.

Jioni aliyorudi aliweka kigoda chake kando, palepale nilipokuwa nakaa mimi. Hakuelekezwa na mtu. Akapaza sauti kuelekea kwangu:

"Mwalimu, lile bakuli lako lipo, au umelirudisha kwa Mhindi wake?"

Hakuna aliyecheka, naye alikuwa ametaka wacheke. Nikaenda mwenyewe, nikamwaga mbegu za maboga kwenye ungo, nikaliosha, nikampelekea chakula ndani yake. Kisha nikachukua sahani nyingine yangu mwenyewe, nikakaa naye, upande unakotoka upepo. Baba aliniona, akaendelea kumega. Mwanangu alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye zamani.

"Umerudi huku kufanya nini?" baba mdogo akauliza. "Si walikuita kule?"

"Kule kuna watu wengi. Wanamaliza nsansa."

"Bakuli hili limebanduka rangi."

"Limekuwa hivyo siku zote. Geuza upande wa pili."

Akageuza. Tulikula hivyo muda mrefu, kiangazi na masika. Tulizungumza mambo mengi ambayo kwenye chombo yasingezungumzwa. Aliniambia habari za chini ya ardhi, ambako taa ilikuwa kwenye paji la uso na vumbi lilikaa hewani kama ukungu wa asubuhi mpaka hukumwona mwenzako. Aliniambia kwamba walipewa maji ya kumwagia mwamba, lakini mashine ya maji ikiharibika hawakusubiri. Alinitaka nimfundishe kulala kichwa chini, nikamweleza kwamba sista hakusema kama itamfaa. Akajaribu hata hivyo, akasema haifai kitu ila inaonyesha uvungu vizuri.

Aliporudi kupimwa, makohozi yalikuwa safi. Sista alimwandikia baba barua fupi kwa mkono wake kwamba ndugu yake anaweza kula na watu. Vumbi, alimwambia mwenyewe, litabaki naye, na halina dawa. Akishindwa kupanda kilima apumzike asione aibu.

Jioni hiyo baba aliwasha moto mapema. Aliposikia chakula kinaletwa akaita kwa jina la utani alilompa mdogo wake tangu utotoni, akamwonyesha upande wake wa kulia. Baba mdogo akaja na kigoda chake. Akanawa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Baba, badala ya kumega kwanza, akamwambia, "Anza."

Baba mdogo akamega, akachovya, akala. Hakuna mkono mwingine uliofuata. Mikono ya watu ilikuwa imelowa maji na imekaa juu ya magoti. Baba alikuwa akiitazama mikono hiyo, mmoja mmoja, na baba mdogo alikuwa akitazama chombo tu. Utani wake wote ulikuwa umemwishia. Nilijua kinachompita kifuani wakati huo, na nilijua kwamba hali ile ikiendelea kidogo tu atanyanyuka na kwenda kulichukua bakuli.

Nikanyoosha mkono. Sikumega upande wangu. Nilimega upande wake, karibu na alipomega yeye, mahali alipoacha alama za vidole, nikachovya kwenye nsansa baada yake, nikala. Mwanangu akafuata. Kisha baba. Kisha mikono yote ikaingia.

"Leo chumvi imezidi," baba akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye ng'ombe.